Shajara ya mradi: kanda za baba, seva ya nyumbani, na matangazo niliyoyaingiza kundini

Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili mwenye kaseti zinazoozea kabatini apate pa kuanzia na asirudie makosa yangu. Mzigo wenyewe ni kaseti 212 na mikanda 31 ya video alizoacha marehemu baba. Baba alikuwa na redio-kaseti yenye maiki ndani, na aliibeba kila penye harusi, maulidi au taarab, Ngamiani na Makorora, hapa hapa Tanga, tangu 1974 hadi 1996. Kaseti 47 kati ya hizo ni za kununua dukani. Hizo ni za kusikiliza nyumbani tu, kazi za wasanii sizisambazi. Zilizobaki alirekodi mwenyewe, na ndani yake mna sauti za watu wetu wakiongea katikati ya nyimbo. Hizo huwezi kuzikuta popote pengine.

Ninachotaka ni mashine moja ndogo ndani ya nyumba, itakayolisha TV ya sebuleni na simu za watu kwa Wi-Fi ya nyumbani, bila bando na bila tangazo. Nina pia kundi la WhatsApp la wapenzi wa kanda tulilolianzisha 2021, watu 380 hivi. Huko naweka vipande vya dakika mbili na kuuliza: hii harusi ya nani, nani anapiga fidla? Wazee wanajibu kwa sauti. Kundi hilo ni sehemu ya mradi kama ilivyo diski.

11 Januari 2025: kuchagua programu

Nilikuwa na majina matatu ya programu za kupanga na kuchezesha video na muziki. Kodi inafaa sana kwa TV moja yenye diski yake, lakini haikuundwa kulisha simu saba kwa pamoja. Plex, ambayo asili yake ni XBMC, programu ile ile iliyobadilishwa jina 2014 ikaitwa Kodi, ndiyo rahisi kuliko zote kuianzisha. Ila tangu Desemba 2019 inaonyesha filamu za bure zenye matangazo humo humo unamofungulia vitu vyako mwenyewe. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, wenye programu ya Emby walipoufunga msimbo wao na watu wengine wakalichukua toleo la mwisho lililokuwa wazi wakaendelea nalo. Ni bure, haidai akaunti nje ya nyumba, na hakuna anayelipwa kwa kujua shangazi yangu anatazama nini saa nne usiku. Nimechukua Jellyfin.

26 Januari: Raspberry Pi imenishinda

Gharama: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kiganjani) ya GB 4 na kasha, 270,000. Kadi ya kumbukumbu, 25,000. Diski ya nje ya TB 2, 235,000.

Kuiwasha ilikuwa kazi ya jioni moja. Tatizo lilianza kwenye kunakili faili nyingi: diski inalia tik, tik, tik, kisha inapotea kabisa kana kwamba mtu ameichomoa. Siku tatu nililaumu waya, nikanunua mwingine. Nikalaumu diski, nikaipima kwenye laptopu ikawa nzima. Siku ya nne ndipo nikaandika amri ya `vcgencmd get_throttled` na mashine ikajibu 0x50005, yaani umeme hautoshi sasa hivi na umekuwa hautoshi. Nilikuwa natumia chaja ya simu. Adapta sahihi ya ampea 3, 45,000.

Diski ikatulia hadi nilipochomeka ya pili. Matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2 tu, na diski ndogo ikianza kuzunguka inaweza kutaka karibu yote hiyo peke yake. Ningeweza kununua kigawanyio chenye umeme wake, lakini kulikuwa na jambo la pili: TV yetu ni ya zamani, haisomi kila aina ya video, kwa hiyo lazima seva iigeuze video wakati huo huo inapochezwa. Pi ikawa inakwama kila baada ya sekunde chache. Nimeiuza na adapta yake na kadi kwa mwanafunzi mmoja kwa 200,000. Yeye anataka kujifunzia programu, na kwa hilo itamfaa.

15 Februari: kompyuta ya ofisi iliyotumika

Nimepata ile midogo ya ofisini, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, kwa 320,000. Nimeweka mfumo wa Debian 12 na Jellyfin, na nimewasha uwezo wa chipu ya Intel wa kugeuza video. Nimeipima kwenye soketi: wati 14 ikiwa imetulia. Hiyo ni uniti 10 hivi kwa mwezi, kwa bei ninayolipa mimi kama 3,600. Anayenunua leo atafute kizazi cha 7 kwenda juu kama ana video mpya za HEVC (aina mpya ya kubana video) za biti 10. Kwa kanda za kale cha 6 kinatosha.

Kosa la hatua hii: nilipoiambia Jellyfin kwamba folda ya harusi ni "filamu", ikaenda intaneti kutafuta majina yanayofanana. Asubuhi harusi ya shangazi ya 1989 ina picha ya filamu ya Kizungu, mwanamume ameshika bastola. Dawa: folda iwe ya aina ya video za nyumbani, na uzime kabisa kutafuta habari mtandaoni. Kisha yape mafaili majina yanayojieleza yenyewe. Mimi naandika mwaka, jambo, mtaa, nambari ya kaseti.

8 Machi: kaseti 38 zimeingia

Hapa ndipo kazi ilipo. Deki ya kaseti iliyotumika 90,000, mkanda wake wa mpira kwa fundi wa Barabara ya 9 15,000, kadi ya sauti ya USB 40,000. Narekodi kwa programu ya Audacity, 44.1 kHz, nahifadhi kwa FLAC, faili isiyopunguza sauti. Kaseti ya dakika 60 inakula dakika 60, hakuna njia ya mkato.

Mngurumo wa chini, mmm, ulikuwemo kwenye kaseti sita za mwanzo. Haukuwa kwenye kanda. Ulitoka kwenye chaja ya laptopu. Sasa narekodi laptopu ikiwa kwenye betri na mngurumo haupo. Hizo sita nimezirudia.

Jambo kubwa zaidi ni kichwa cha kusomea. Kaseti za miaka ya 1970 zilisikika kama mtu anaimba amefunikwa blanketi. Nilidhani kanda zimechoka, nikaanza kuzirekebisha kwa programu, nikapoteza wiki mbili nzima kuongeza sauti za juu ambazo hazikuwepo. Kumbe kichwa cha redio ya baba kilikuwa kimeinama kidogo, na kanda inataka kusomwa kwa mwinamo ule ule ilioandikiwa. Pembeni ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka alama ya rangi ya kucha mahali ilipo sasa ili ujue pa kuirudisha. Ruhusu kanda icheze, unganisha sauti za kushoto na kulia ziwe moja, kisha izungushe kwa bisibisi taratibu mno, robo ya robo ya mzunguko, ukisikiliza manyanga. Inafika mahali sauti inafunguka ghafla. Kaseti nambari 12 ilipofunguka nilisikia bangili za mwanamke aliyekaa karibu na maiki, kila anapopiga makofi. Nilikuwa nimeisikiliza kaseti hiyo mara nne bila kujua bangili zimo.

Mengine kwa ufupi. Kile kipande kidogo cha sponji kinachosukuma kanda kwenye kichwa gundi yake hufa. Kaseti zenye skrubu tano fungua na uhamishie kanda kwenye gamba zima, zilizoungwa kiwandani zipasuliwe kwa kisu kwenye mshono. Safisha kichwa kwa spiriti na pamba kila baada ya kaseti tatu, maana kanda zetu za pwani zinamwaga unga wa kahawia kuliko unavyodhani. Magamba na spiriti, 30,000 hadi sasa.

5 Aprili: nimekubali tangazo la kwanza

Fedha imekwisha na kila kitu kiko kwenye diski moja. Nahitaji ya pili kwa nakala ya akiba. Mwenye duka la simu, ambaye yumo kundini, amesema atanilipa 15,000 kwa wiki niweke tangazo lake kila asubuhi. Tangazo moja kwa siku, watu watavumilia, na fedha inakwenda kwenye kanda zao wenyewe. Nimekubali bila kuwauliza.

10 Mei: nakala ya akiba imejifuta

Diski ya pili imenunuliwa, 235,000, kwa fedha ya matangazo. Sasa wapo watatu: duka la simu, mtu wa mikopo ya haraka anayelipa 20,000, na wa mikeka ya kubeti anayelipa 30,000 ili tangazo lake likae Jumamosi.

Kila usiku saa tisa kompyuta inanakili diski ya kwanza kwenda ya pili kwa rsync, programu ya kunakili. Nilikuwa nimeweka `--delete`, maana yake kilichofutwa kule kifutwe na huku. Usiku wa tarehe 2 umeme ulikatika ukarudi. Kompyuta iliwaka, diski ya kwanza haikuwahi kufunguka. Saa tisa rsync ikaja, ikakuta folda tupu, ikaamini kwamba nimefuta kila kitu, ikafuta kila kitu kwenye akiba. Asubuhi Jellyfin haina kitu na diski ya akiba haina kitu. Nilikaa chini sakafuni mbele ya ile meza. Kisha nikaichomoa diski ya kwanza, nikaichomeka tena, na kaseti zote zikawepo. Kwa saa kadhaa, miaka 22 ya baba ilikuwa kwenye kisahani kimoja kinachozunguka.

Marekebisho, na haya tafadhali yanakili kama yalivyo:
- Kwenye fstab (faili inayoiambia kompyuta diski za kufungua inapowaka) diski iitwe kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, si kwa sda au sdb, kwa kuwa majina hayo hubadilishana.
- Kabla ya rsync weka `mountpoint -q` na njia ya diski. Kama diski haijafunguka, kazi isimame.
- Weka `--max-delete=50`. Ikishafuta mafaili 50, yaliyobaki iyaache.

UPS ya 650 VA, 165,000, nayo kwa fedha ya matangazo. Inaibeba kompyuta na ruta karibu dakika 50, na programu ya NUT inaizima kompyuta kwa adabu betri ikishuka. Diski ya zamani ya GB 500 nimeipeleka kwa dada yangu Muheza. Kila baada ya miezi miwili naifuata na kuijaza upya. Nyumba ikiungua, kanda ziko Muheza.

Dokezo dogo kwa wanaouliza kwa nini si Plex: tangu Aprili 29, 2025 kutazama seva yako ukiwa nje ya nyumba ni kwa malipo, na siku hiyo pasi ya maisha ilipanda kutoka dola 119.99 hadi 249.99. Ni haki yao, wana wafanyakazi wa kulipa. Ila nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza swali ambalo sikutaka kujiuliza: kundi langu mimi sasa linalipiwa na nani?

14 Juni: tangazo limefanya nini kundini

Jana usiku niliyatoa mazungumzo yote ya kundi kuwa faili nikahesabu. Februari kulikuwa na jumbe za sauti 63 za wazee wakieleza vipande. Mei zilikuwa 11. Idadi ya watu imepanda, 380 hadi 512. Nilikuwa naiona ile inayopanda tu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nawaambia wenye matangazo.

Hakuna aliyeniamuru kubadilisha chochote. Mwenye mikeka hajawahi kusema weka hiki, toa kile. Ila alilipia Jumamosi, na Jumamosi nilitaka watu wawepo. Nikaanza kuangalia kipande gani kinakusanya watu. Fidla ya harusi ya 1978 yenye maelezo ya dakika tatu ya mzee: majibu manne. Akina mama wakirushiana mipasho kwenye harusi ya 1994: majibu zaidi ya 200, vicheko, na mtangazaji amefurahi. Jumamosi iliyofuata nikatafuta mipasho mingine. Iliyofuata pia. Kaseti 38 za mwanzo nilizichagua kwa umri na hali ya kanda, ile iliyokaribia kufa kwanza. Kaseti 30 zilizofuata nilizichagua kwa kelele zake, na zile zenye ukungu zimebaki kabatini tangu Machi.

Tarehe 31 Mei nilipigiwa simu. "Kaka, shikamoo. Yule anayeimbwa pale ni mama yetu. Yu hai. Wajukuu zake wamo humo kundini." Sikuwa nimeuliza ni nani. Zamani kuuliza ndiyo ilikuwa kazi ya kundi zima: nani huyu? Wiki hiyo niliweka kipande bila swali, kwa kuwa swali linawafanya watu wafikiri na wakifikiri wanajibu polepole.

Kuna lingine, na hili ndilo zito zaidi kwangu. Mzee mmoja wa Korogwe, ambaye kati yetu sote ndiye anayemjua mpiga fidla kwa mkono wake tu, aliandika kundini kwamba simu aliyomnunulia mjukuu kwenye lile duka la simu linalotangaza kwetu imekufa siku ya nne na amekataliwa kurudishiwa. Mwenye duka akanipigia: bosi, ule ujumbe unaniharibia, na wiki hii nimeshalipa. Nikaufuta. Baada ya saa moja mzee akaandika: "Mwanangu, ujumbe wangu umekwenda wapi?" Sikujibu. Siku ya pili asubuhi, chini ya tangazo la mikopo, ukatokea ule mstari wa kijivu kwamba ametoka. Hakuna aliyesema neno. Watu 511 waliendelea kucheka.

Nimeyafikiri haya nikilinganisha na kule tunakotazama video sote. Julai 2020 YouTube iliruhusu tangazo kuingia katikati ya video kuanzia dakika 8. Kabla ya hapo ilikuwa dakika 10. Nani hajatazama maelezo ya dakika tatu yaliyovutwa hadi yavuke mpaka huo? Wale watengenezaji hawakuamriwa kuvuta, kama nami nisivyoamriwa kuweka mipasho. Fedha iliwekwa mahali fulani na wote tukasogea taratibu kuielekea, kila mmoja akiamini anaendelea na kazi yake ya siku zote. Mimi ilinichukua wiki 10 tu, kwa 15,000.

29 Juni: kurudisha

Nimesimamisha matangazo yote. Jumla niliyopokea ni 470,000; diski na UPS vimekula 400,000. Mwenye mikeka alikuwa amelipa wiki mbili mbele, nimemrudishia 60,000. Mwenye duka la simu amekasirika na ametoka. Mtu wa mikopo alielewa.

Kundini nimeandika kila nilichofanya, pamoja na kuufuta ule ujumbe, na hesabu ya kila shilingi. Kisha nikaomba: anayeweza achangie 1,000 kwa mwezi, na hesabu nitaibandika kila tarehe mosi. Nilitegemea watu kumi. Wamechanga 41, wengine 5,000, jumla 68,000. Watu 130 hivi wameondoka ndani ya wiki mbili. Mipasho yote nimeiondoa; faili ya mama yule nimeifungia hadi familia iseme.

Jumapili nilipanda basi hadi Korogwe. Mzee alinikuta mlangoni, akaniitikia marahaba, akanikaribisha kahawa, na hakugusia lolote hadi nilipoligusia mimi. "Simu niliitupa," akasema. "Simu ni simu. Niliudhika kwamba uliufuta bila kuniuliza, na nilipokuuliza ukanyamaza." Nilimwomba radhi. Alikubali. Kundini hakurudi na sikumshawishi. Ila alitaka kujua kaseti za 1975 nimezifikia wapi.

19 Julai: mikanda ya video

Deki ya VHS 80,000, kifaa cha kuingizia video kwenye kompyuta 35,000. Mikanda minne ya mwanzo ilitoka nyeusi na nyeupe, harusi nzima bila rangi, nikasema rangi zimekufa. Kifaa kilikuwa kimewekwa NTSC, mfumo wa Marekani. Mikanda yetu ni PAL. Badilisha hapo kabla hujahuzunika. Ukanda wenye ukungu mweupe usiutie kwenye deki: utachafua kichwa na ukungu utahamia mikanda mingine. Mitano kati ya 31 inao, nimeitenga kwenye mfuko wenye vifuko vya kukausha unyevu hadi nipate deki ya pili ya kuchafua.

Kaseti nimerudia utaratibu wa zamani, inayokaribia kufa kwanza. Mbili zilizosubiri tangu Machi zimekatika nilipozigusa. Moja nimeiunga kwa gundi-karatasi ya kaseti na sekunde nane zimepotea. Ya pili imegandamana, sijapata njia.

23 Agosti: TV na jamaa wa Muscat

Binamu amenunua TV mpya na akaniuliza kwa nini ukurasa wa mbele unamwonyesha matangazo wakati ameshailipia. Nilimsimulia kisa cha Vizio, kampuni ya TV: Februari 2017, kule Marekani, walikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya habari za kinachotazamwa kwenye TV milioni 11 bila wenyewe kuridhia. TV yake tumeitoa intaneti kabisa. Inaiona ruta, inaiona Jellyfin, basi. Watoto walilalamika siku mbili. Wanaotaka kuziba matangazo kwa nyumba nzima kwa programu ya Pi-hole wajue itasaidia kwenye tovuti na programu nyingi za simu, lakini ya YouTube haitayazuia, maana yanatoka kwenye anwani zile zile zinazotoa video yenyewe.

Mjomba yuko Muscat na anataka kusikia harusi yake ya 1983. Nilifungua mlango 8096 kwenye ruta, ule wa kuingilia Jellyfin, na hakuna kilichoingia. Anwani ya nje ya ruta yangu inaanzia 100, yaani mtoa huduma ametuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna mlango wa kufungua. Njia za kuzunguka zipo, kila moja na gharama yake ya kila mwezi. Nilizilinganisha jioni mbili, kisha nikanunua fleshi ya GB 64 kwa fedha za mjomba mwenyewe nikampa msafiri. Imefika siku ya tatu. Mjomba alipiga simu hakusema, ameiweka simu karibu na spika.

4 Oktoba: ilipofikia

Kaseti 143 kati ya 212, mikanda ya video 19 kati ya 31.

Gharama yote, nikishatoa 200,000 ya kuuza Pi: 1,385,000. Matangazo 410,000, michango ya miezi mitatu 179,000 (68,000, kisha 54,000, kisha 57,000), mfukoni kwangu 796,000. Anayeanza leo aruke Raspberry Pi na ataokoa 140,000 papo hapo. Michango ya mwezi inauzidi umeme kwa mbali, na itakayofuata inangojea betri mpya ya UPS.

Kundi lina watu 347. Jumbe za sauti za wazee mwezi Septemba zilikuwa 48. Kila Jumamosi baada ya alasiri natoa spika barazani, watu sita, saba, tunasikiliza kaseti moja upande mmoja, na mpwa wangu anaandika kila kinachosemwa kwenye maelezo ya faili. Familia ya yule mama wa mipasho imejibu: faili ibaki, isikilizwe nyumbani kwao tu. Nimewapelekea nakala na kwenye seva nimeipa akaunti yao peke yao.

Korogwe nakwenda kila baada ya miezi miwili, njia moja na Muheza, na fleshi mfukoni. Safari iliyopita mzee alisikiliza kaseti 88, ambayo kwenye jalada baba aliandika "haijulikani". Alisimamisha sekunde ya kumi na nne, kabla hata muziki haujaanza, pale mpiga fidla anapolegeza na kukaza waya. "Huyu anakaza kwa kushoto," akasema, akataja jina, na mtaa, na mwaka. Kisha akaniomba nirudishe nyuma asikie tena. Jina limeshaandikwa kwenye faili. Kaseti 144 iko mezani, sponji imedondoka, nasubiri magamba kutoka Barabara ya 9.